Mkono Unaorusha Ndio Unaoharibu Sevu

Wadogo zangu, nimewatazama kwenye mazoezi ya mpira wa wavu mkipeleka sevu (mpigo wa kuanzisha kila pointi) moja nje na nyingine wavuni, kisha kila mmoja akiukagua mkono wake wa kupigia, ilhali kosa limefanywa na ule mwingine, unaorusha.

1. Rusheni mpira kimo kidogo, mbele ya bega la mkono wa kupigia, bila kuuzungusha. Nalisema hili kwa uchungu. Katika seti ya 5, tukiongoza 14 kwa 13 na kubakiza pointi moja tushinde, niliurusha mpira ukaelekea nyuma ya kichwa changu, na nilijua umeharibika mara tu ulipotoka vidoleni. Kanuni hairuhusu kurusha mara ya pili, kwa hiyo niliufuata nikiwa nimepinda mgongo, nikaupiga kwa ukingo wa kiganja, nao ukatua mbali nje ya mstari wa pembeni. Bendera ya mwamuzi wa mstari ilikuwa juu kabla sijasimama sawasawa. Tulifungwa 16 kwa 14. Kwa ukaidi wa ujana nililaumu bega, nikalichosha kwa mazoezi ya nguvu, hadi kocha aliponiamuru nirushe tu bila kupiga na kuuacha mpira udunde. Ulipaswa kuangukia palepale kila mara, mbele kidogo ya mguu uliotangulia. Wangu ulizurura kila upande. Fanyeni zoezi hilo kabla ya kumsumbua mtu kuhusu sevu ya kuruka.

2. Chagueni shabaha kabla ya filimbi. Baada ya filimbi mna sekunde 8, lakini wengi wenu hupiga papo hapo, kisha mnashangaa mpira umemwangukia libero, yule mchezaji maalumu wa kupokea na kulinda, ambaye hakika anawashukuru. Pelekeni kati ya wapokeaji wa namba 5 na 6 (nyuma kushoto na nyuma katikati), ambapo kila mmoja atamdhania mwenzake, au namba 1 (nyuma kulia), seta wao, yaani mpangaji wa mashambulizi, anapotokea huko kukimbilia wavuni.

3. Kwa sevu ya kuelea, ile isiyozunguka hewani, pigeni katikati ya mpira kwa kiganja kigumu, kisha mkono usimame.

4. Tumieni upana wote wa mita 9 nyuma ya mstari wa mwisho, kwa maana kuhama hatua chache hubadili pembe ambayo mpokeaji alikwisha kuizoea. Kuna mmoja wenu aliyehamia kona vizuri kabisa, akaupata mwanya, akashangilia, kumbe mguu wake ulikuwa juu ya mstari alipopiga. Huyo aanze hatua moja nyuma zaidi, na kushangilia asubiri refa aonyeshe mkono.