Mchawi wa ngazi ya 4 na kishawishi cha fani ya pili

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninakuandikia kutoka Tabora mjini, ambako tunacheza mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, Dungeons & Dragons kila Jumapili mchana kwa kanuni za toleo la tano, kitabu cha mwaka 2014. Mhusika wangu ni mchawi wa ngazi ya 4 mwenye Akili 18, Wepesi 14, Siha 14 na Busara 13, na baada ya pambano moja zaidi atafika ngazi ya 5. Katika mapambano matatu yaliyopita ameanguka mara mbili. Mwenzangu mmoja ananishauri ngazi inayofuata niichukue katika fani (yaani kazi ya mhusika) ya kasisi, ili nivae deraya, yaani vazi la vita, na kushika ngao, na anasema sitapoteza chochote kwa sababu nafasi za afsuni (yaani mara ambazo mhusika anaweza kutoa uchawi kabla ya kulala) za fani zote mbili hujumlishwa. Mwingine anapendekeza ngazi mbili za mpiganaji. Tumeokota pia gombo lenye afsuni ya Mpira wa Moto, nami nilikusudia kulinakili kitabuni mwangu mara tu nafasi za daraja la 3 (daraja ni kiwango cha nguvu ya afsuni) zitakapofunguka katika ngazi ya 5. Je, nichanganye fani au niendelee na uchawi peke yake?

JIBU: Marahaba. Chukua ngazi ya 5 ya mchawi, na suala la fani ya pili liache hadi hapo utakapokuwa umeipata.

Naona Busara yako ni 13 kamili, jambo linalonifanya nidhani kwamba ulipofika ngazi ya 4 ulitenga pointi moja ya maongezeko yako ya sifa ili utimize sharti la ukasisi. Pointi hiyo haijapotea, kwa kuwa sharti hilo utaendelea kulitimiza siku yoyote utakayoamua. Kilichonisikitisha katika barua yako ni yale maneno ya mwenzako, kwamba hutapoteza chochote. Hakuna jambo la mchezo huu ninaloulizwa mara nyingi kuliko hilo, na karibu kila anayeniuliza amekwisha kuhakikishiwa na mtu kwamba jibu ni rahisi.

Mwenzako ameshika nusu ya kanuni. Ni kweli kwamba mchawi wa ngazi ya 4 akiongeza ngazi moja ya kasisi huhesabiwa nafasi za afsuni kama mtu wa ngazi ya 5, yaani nafasi nne za daraja la 1, tatu za daraja la 2 na mbili za daraja la 3. Lakini kanuni hiyo ina sehemu ya pili, ambayo watu hawaifikii kwa sababu wakishaona jedwali la nafasi hufunga kitabu. Sehemu hiyo inasema kwamba afsuni unazozijua na unazoweza kuziandaa huhesabiwa kwa kila fani peke yake, kana kwamba fani nyingine haipo. Ukiwa mchawi wa ngazi ya 4 na kasisi wa ngazi ya 1, utaandaa afsuni za kichawi za daraja la 1 na la 2 tu, na za kikasisi za daraja la 1 tu. Nafasi mbili za daraja la 3 utakuwa nazo, ila afsuni hata moja ya daraja hilo hutakuwa nayo.

Hapa Kigoma anayenunua dumu tupu la lita 20 sokoni haondoki na lita 20 za mawese. Dumu linakupa uwezo wa kubeba, mawese yanatafutwa kwingine. Nafasi ya daraja la 3 ni dumu. Unaweza kutia ndani yake afsuni ndogo ikapata nguvu kidogo, na wanaouza ushauri huu huitaja faida hiyo kwa haraka kana kwamba inatosha, kwa hiyo tuipime. Afsuni ya Kishindo, ambayo ni ya daraja la 2, ukiitoa kwa nafasi ya daraja la 3 hupigwa kwa dadu nne za pande nane, wastani wa madhara 18, katika mduara wenye nusu kipenyo cha futi 10. Mpira wa Moto kwa nafasi ileile hupigwa kwa dadu nane za pande sita, wastani wa 28, na nusu kipenyo chake ni futi 20, maana yake eneo linalofunikwa chini ni kubwa mara nne. Maadui sita waliotawanyika mlangoni mwa pango, ambao Kishindo kingewagusa wawili au watatu, huweza kuingia wote ndani ya Mpira wa Moto.

Sehemu kubwa ya mkanganyiko huu imetokana na lugha. Kitabu cha Kiingereza kinatumia neno moja kwa ngazi ya mhusika, kwa ngazi ya fani, kwa daraja la afsuni na hata kwa daraja la nafasi. Msomaji aliyechoka huona namba 3 na namba 5 zikifuatana na neno lilelile, akaunganisha visivyohusiana. Mezani kwangu tumezoea kusema ngazi kwa mhusika na fani yake, na daraja kwa afsuni na nafasi zake, na tangu tuanze kutenganisha hivyo mabishano yamepungua sana. Nawashauri wa Tabora mfanye vivyo hivyo.

Lipo pia jambo dogo ambalo halitajwi kabisa. Uwezo wa mchawi wa kurudisha nafasi baada ya mapumziko mafupi, mara moja kwa siku, huhesabiwa kwa nusu ya ngazi za uchawi peke yake, na nusu hiyo hukuzwa kwenda juu. Mchawi wa ngazi ya 5 hurudisha madaraja 3, hivyo anaweza kuirejesha nafasi nzima ya daraja la 3. Wewe mwenye ngazi 4 za uchawi na moja ya ukasisi utarudisha madaraja 2. Hata hilo dumu tupu, likishatumika, hutaweza kulirudisha hadi ulale usiku mzima.

Afsuni za kikasisi nazo zitatoka kwa Busara yako ya 13. Adui anayejinusuru, yaani anayetupa dadu ili aepuke, dhidi ya afsuni zako za kichawi atahitaji kufikisha 15, lakini dhidi ya zile za kikasisi atahitaji 12 tu. Usizitegemee kwa lolote linalomlazimisha adui kutupa dadu. Zitumie kuponya na kubariki.

Hoja ya deraya, tofauti na ile ya nafasi, ni ya kweli, na sitaki kuidharau. Leo ukijiwekea afsuni ya Deraya ya Kichawi kinga yako, yaani namba ambayo shambulio lazima liifikie ili likupate, ni 15. Ukivaa deraya ya magamba na kushika ngao utafika 18, na adui mwenye nyongeza ya 5 katika shambulio lake, ambaye sasa anakupata kwa pande 11 kati ya 20 za dadu, atakupata kwa pande 8. Hiyo ni nafuu inayoonekana. Lakini afsuni ya Kinga, ya daraja la 1, ambayo hutolewa kwa mwitiko, yaani nje ya zamu yako, pale tu shambulio linapokupata, inakuongezea 5 hadi zamu yako inayofuata. Juu ya ile 15 unafika 20, na adui yuleyule anabaki na pande 6. Kama afsuni hiyo haimo kitabuni mwako, huo ndio upungufu wako wa kwanza, nao hauhitaji fani ya pili. Pia ukishika ngao mkono mmoja na fimbo mkono mwingine, utagundua kwamba Kinga inadai mkono mtupu wa kufanyia ishara. Wanaoshauri ngao mara nyingi hulisahau hilo, na msimamizi makini wa mchezo atakukumbusha katikati ya pambano, wakati ambapo huna la kufanya.

Kuhusu mpiganaji nitasema machache. Ngazi zake mbili za kwanza haziongezi hata nafasi moja ya afsuni, kwa hiyo ukichukua mbili utabaki na nafasi za ngazi ya 4 wakati wenzako wamefika ya 6. Anayeingia upiganaji kama fani ya pili hapewi ustadi wa deraya nzito wala ule wa kujinusuru kwa Siha, kwani hivyo ni vya aliyeanza nao ngazi ya 1. Ile hatua ya ziada ya ngazi ya 2, inayosifiwa kwamba humwezesha mchawi kutoa Mipira ya Moto miwili katika zamu moja, haina maana kwa asiye na Mpira wa Moto hata mmoja. Katika kanuni zilizorekebishwa mwaka 2024 hatua hiyo hairuhusiwi tena kutumiwa kwa uchawi.

Nimefikia kinachonikera zaidi. Ushauri huu wa kuchanganya fani bila hasara huwafikia vijana wetu kutoka sehemu tatu, na zote tatu hazimwangalii mhusika aliye mezani. Sehemu ya kwanza ni michezo ya kompyuta. Baldur's Gate 3, iliyotoka mwaka 2023, imejengwa juu ya kanuni hizi za toleo la tano lakini imezilegeza. Haina masharti ya alama za sifa kwa anayechanganya fani, na mle ndani mtu mwenye ngazi moja tu ya uchawi anaweza kunakili gombo la daraja lolote ambalo ana nafasi yake. Nahisi mpango wako wa gombo umetoka huko. Mezani hauruhusiwi, kwa sababu unanakili afsuni za daraja unaloweza kuliandaa kama mchawi, na daraja hilo kwako, ukiongeza ukasisi, litabaki la 2.

Sehemu ya pili ni watu wanaochanganya kanuni za mwaka 2014 na za mwaka 2024 katika ushauri mmoja, wakichukua kilicho kitamu katika kila kitabu. Ya tatu, ambayo naiona ndiyo mbaya kuliko zote, ni video za wahusika waliokwisha kukamilika wa ngazi ya 20. Anayezitengeneza hahitaji kuishi ngazi ya 5, ya 6 wala ya 7. Anaruka moja kwa moja hadi pale hesabu inapopendeza, naye msikilizaji anabaki miezi kadhaa katika ngazi ambazo hesabu hiyo haijafika. Ngazi ya 5 inahitaji pointi 6,500 za uzoefu, na ya 6 inahitaji 14,000. Maana yake, anayeahirisha Mpira wa Moto kwa ngazi moja anaongeza pointi 7,500, safari ndefu kuliko yote aliyokwisha kuitembea tangu siku ya kwanza ya mchezo. Akiahirisha kwa ngazi mbili atahitaji kufika 23,000.

Nimeliona hilo mezani kwangu. Mchezaji mmoja alifika ngazi ya 5 akiwa na ngazi tatu za uchawi na mbili za ukasisi, na kwa muda mrefu, kila tulipokutana, alihesabu zile nafasi zake mbili za daraja la 3 na kuzijaza afsuni za daraja la 1. Mpiganaji aliyekaa jirani naye alikuwa ameanza kushambulia mara mbili kwa zamu. Kijana yule hakulalamika, ila alianza kuchelewa kufika, kisha akawa hafiki. Nilijilaumu, kwa kuwa nilimwona anapochagua nikadhani ameisoma sura nzima. Tangu hapo hakuna anayechanganya fani mezani kwangu kabla hatujaisoma sura hiyo pamoja kwa sauti, na kanuni zenyewe zina mfano wa mtu mwenye ngazi 4 za askari wa nyika na 3 za uchawi, ambaye ana nafasi mbili za daraja la 3 na hajui afsuni yoyote ya daraja hilo. Mfano huo umo pia katika waraka wa kanuni za msingi uliotolewa bure kwa leseni ya Creative Commons tangu Januari 2023. Asiye na fedha za kitabu anaweza kuusoma kwenye simu, na anayemshauri mwenzake bila kuusoma hana kisingizio.

Sisemi kwamba kuchanganya fani ni kosa daima. Mchawi aliyekwisha kupata daraja la 3 anaweza kuongeza ngazi moja ya ukasisi na kuchelewa kidogo kufika daraja la 4, hasa kama msimamizi amekwisha kusema kwamba kisa chenu kitaishia karibu na ngazi ya 10. Ajue tu kwamba maongezeko ya sifa hufuata ngazi ya fani, hivyo Akili 20 unayoitazamia katika ngazi ya 8 ya uchawi itakuja ukiwa mhusika wa ngazi ya 9.

Kwa pambano lililobaki, simama nyuma ya mpiganaji wenu na uache nafasi mbili za daraja la 1 kwa ajili ya Kinga. Gombo usiliguse hata kama msimamizi atakuruhusu kujaribu kulitumia, kwa sababu katika ngazi yako ya sasa utatakiwa kufikisha 13 kwa dadu ya pande 20 pamoja na nyongeza ya Akili, na ukishindwa maandishi yatafutika. Ukishafika ngazi ya 5, Mpira wa Moto uchague miongoni mwa afsuni mbili unazopewa bure kwa ngazi hiyo, kwa sababu kunakili kutoka kwenye gombo nako kunadai jaribio la 13, kunachukua saa 6 na sarafu 150 za dhahabu, na gombo huharibika ufaulu au usifaulu. Hapo gombo litabaki kuwa Mpira wa Moto wa tatu, ambao utautoa bila kutupa dadu ya jaribio siku ambayo nafasi zako mbili zitakuwa zimekwisha.