Nina mimba, naharisha, na mama mkwe ananipa mwarobaini

"Shangazi, shikamoo. Nina mimba ya miezi sita, ya kwanza. Tangu juzi naharisha. Nikinywa maji nakimbilia chooni, kwa hiyo nimeacha kunywa. Mume wangu kaninunulia Flagyl duka la dawa, mama mkwe kanichemshia mwarobaini. Nikiukataa ataona namdharau. Nifanyeje?" Mama Kijacho, Mbagala

Marahaba, mwanangu. Hapo ulipoacha maji ndipo nilipoogopa. Hata usiponywa, utaendelea kuharisha, na mjamzito akiishiwa maji mwilini tumbo linaweza kuanza kubana kama la uchungu kabla ya siku zake. Kwa hiyo kunywa. Pakiti moja ya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, ikoroge kwenye lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Pimia kwa chupa mbili za nusu lita. Usigugumie, piga funda dogo dogo, na kila ukitoka chooni jitahidi umalize glasi nzima. Ukitapika, subiri dakika 10 uanze tena. Iliyolala mwaga, koroga nyingine. ORS hakuna? Lita hiyo hiyo, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kusawazisha.

Flagyl iweke kando. Inaua vijidudu vya aina fulani tu, na mara nyingi kuharisha kunaletwa na virusi, ambavyo haivigusi kabisa. Dawa za kufunga tumbo nazo usimeze bila daktari. Na mwarobaini, mwanangu, ukiwa na mimba usinywe.

Najua kumkatalia mama mkwe kikombe alichochemsha kwa mkono wake ni mtihani. Basi usimkatalie wewe. Mumeo ndiye mwanawe, aseme yeye, kwa upole, kwamba dawa yoyote ya mjamzito ipitie kliniki kwanza. Nawe muombe kitu: "Mama, naomba unipikie uji mwepesi, jikoni siwezi kusimama." Anamhangaikia mjukuu wake huyo, na uji unauhitaji kweli, kwa sababu kukaa na njaa hakuponyi tumbo.

Siku ya tatu hii. Kama bado unaharisha, chukua kadi ya kliniki uende kituo cha afya leo. Ukiona damu kwenye choo, choo kama maji ya mchele, homa (malaria nayo huweza kuja na kuharisha), mkojo mweusi au hautoki, kizunguzungu, tumbo linabana na kuachia, au mtoto hachezi kama kawaida yake, usingoje kupambazuke. Ukifika, mtajie nesi kila ulichokunywa, hata kama ni funda moja la mwarobaini.