Sista wetu "anaona tu" hatari: tumhoji vipi kabla hajastaafu?

SWALI: Ninaongoza zamu katika wodi ya watoto njiti. Sista wetu mkongwe anastaafu baada ya miezi mitatu. Mara nyingi humwita daktari kabla monita haijapiga kelele, na kweli mtoto hukutwa na maambukizi kwenye damu. Tukimuuliza amejuaje, hujibu, "Nimeona tu hayuko sawa." Uongozi ulimtaka aandike hatua zake zote ziwe mwongozo. Aliandika, lakini yaliyotoka ni yaleyale yaliyomo katika kila kitabu. Tufanyeje?

JIBU: Msidhani anawanyima. Kazi yangu ni kuwahoji wabobezi, na jibu la "nimeona tu" nimelisikia kwa wazimamoto, kwa marubani na kwa mafundi mitambo. Ni jibu la kweli kabisa. Anachokijua kimekaa machoni na mikononi mwake, hakijawahi kupita mdomoni.

Miaka ya 1980 mwanasaikolojia Gary Klein na wenzake, huko Marekani, waliwahoji makamanda wa zimamoto. Walitegemea kukuta kamanda analinganisha angalau njia mbili kisha anachagua iliyo bora. Wengi walisema hawalinganishi chochote. Hali ya moto huwajia kama sura wanayoifahamu, na hatua ya kuchukua huja pamoja nayo. Huipitisha akilini upesi. Wakiona itakwama, huirekebisha au huiacha. Katika maamuzi 156 yaliyochambuliwa, takriban manne katika kila matano yalikuwa ya namna hiyo. Kwa hiyo karatasi yenu isingefaa hata angeandika mwezi mzima: mlimwomba hatua, na ubobezi wake uko katika kutambua.

Msimuulize "huwa unajuaje". Mwombeni kisa cha mtoto mmoja, usiku mmoja. Asimulie mwanzo hadi mwisho bila kukatizwa. Kisha mrudie naye simulizi ileile mkiwa na karatasi, mkiandika saa na kilichotokea, mpaka muone ni wapi hasa mawazo yake yaligeuka. Hapo ndipo pa kuchimba, na hapo msiwe na haraka. Muuguzi mmoja niliyemhoji alishikilia kwa dakika nyingi kwamba "mtoto alipooza tu", yaani alikosa uchangamfu. Nikamuuliza mikono yake ilikuwa inafanya nini wakati huo. Akanyamaza, akainua viganja kana kwamba ameshika kitu chepesi. "Nilikuwa namvua nepi. Huyu ukimgusa hukunja miguu. Siku ile aliiacha." Akafikiri tena. "Na nilipovuta kwa mrija wa kumlishia, maziwa ya saa tatu zilizopita yalikuwa bado yamo." Miguu iliyoachwa na maziwa yasiyoshuka: hayo mawili mwanagenzi anaweza kufundishwa kuyatazama. "Alipooza" hafundishiki.

Angalieni pia kwamba muuguzi huyo alimlinganisha mtoto na mtoto mwenyewe wa jana, wala si na kiwango cha kitabuni. Hilo peke yake lingenifanya nifikirie upya namna mnavyopangiana watoto zamu hadi zamu.

Swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: "Angekuwepo mgeni wa kazi pale, angeona nini, na angekosea wapi?" Mbobezi asiyeweza kujieleza mara nyingi hueleza vizuri sana kosa la mwingine.

Njia hii imeshajaribiwa katika wodi kama yenu. Mwaka 1993 watafiti Beth Crandall na Karen Getchell-Reiter walichapisha matokeo ya kuwahoji wauguzi wa watoto wachanga mahututi. Walipata dalili za maambukizi ambazo baadhi yake hazikuwa zimeandikwa katika maandishi ya kitabibu ya wakati huo.

Lakini msikubali kila asemalo kwa sababu tu ni mkongwe. Kumbukumbu hujaza mapengo yenyewe, nasi sote hutunga sababu baada ya tukio. Klein na mwanasaikolojia mwenzake Daniel Kahneman, waliokuwa na misimamo tofauti kuhusu hisia za wataalamu, waliandika pamoja mwaka 2009 na kukubaliana juu ya mambo mawili: hisia ya mtu huaminika pale ambapo kazi yenyewe ina dalili zenye utaratibu, na pale ambapo yeye amepata nafasi ya kutosha kujua kama alipatia au alikosea. La kwanza mnalo. La pili lichunguzeni: je, sista huwa anafuatilia majibu ya maabara ya watoto aliowaitia daktari? Na wale aliowatilia shaka wakakutwa wazima? Chukueni mafaili, mkae naye na daktari mmoja, mlinganishe.

Mkishapata simulizi, msizigeuze haraka kuwa orodha ya kuweka tiki. Ondoeni kila kinachoweza kumtambulisha mtoto, kisha wasomeeni wauguzi wapya mpaka pale sista aliposita. Simamisheni hapo. Kila mmoja aandike anachokiona na ambacho angefanya, ndipo sista aendelee kusimulia.

Anzeni na mtoto wa mwisho aliyemwitia daktari, wiki hii, kabla hajasahau nepi ilikuwa upande gani.