Mama anapomuulizia Baba aliyekwisha kufariki

Swali lenu la wiki hii linasema: mzazi mwenye ugonjwa wa kusahau akimuulizia mtu aliyekwisha kufariki, umwambie ukweli au umdanganye? Mimi nasema usikimbilie hata kimoja kati ya hivyo viwili. Kwanza jua anachokitafuta.

Naishi Machame, wilaya ya Hai, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, pamoja na mama yangu aliyevuka miaka 80. Mimi ni kitinda mimba, na kwa desturi yetu Wachaga, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na wazazi kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo lenye nyumba. Madaktari walishathibitisha kwamba mama ana demensia, yaani huo ugonjwa wa kusahau. Kila jua likielekea kuzama huanza kuhangaika. Anasimama, anakaa, anachungulia nje. Halafu anauliza: "Baba yenu hajarudi tu kutoka shamba la chini?"

Wasomaji wa huku mlimani wataelewa mara moja. Kihamba chenye migomba na kahawa kiko juu, shamba la mahindi liko tambarare, na zamani kwenda na kurudi kwa miguu ilikuwa kazi ya kutwa nzima. Mama alizoea kumngojea mumewe na chakula, huku akihofia giza lisimkute njiani. Baba alifariki miaka mingi iliyopita, lakini hofu ile ya jioni bado anayo.

Wako wanaoshikilia kwamba mzazi aambiwe ukweli kila anapouliza, na kaka yangu alikuwa mmoja wao. Alipokuja Krismasi, wakati sisi wote tunaporudi mlimani, alimshika mama mikono akamwambia kwa upole kabisa kwamba Baba alishatutoka na kaburi lake liko hapo nyuma ya nyumba. Mama alilia kama mtu aliyepokea habari za msiba dakika ile ile, na kweli kwake zilikuwa habari mpya. Haikupita nusu saa akawa ameshayasahau maneno ya kaka, akauliza tena Baba yuko wapi. Huzuni, hata hivyo, haikuondoka pamoja na maneno. Alikataa chakula, akakesha, na kulipokucha bado alikuwa mnyonge bila kujua kwa nini.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer, aina ya demensia inayoonekana zaidi, vipande vya filamu za kuhuzunisha na za kufurahisha. Muda mfupi baadaye wagonjwa walikumbuka machache sana ya waliyoyaona, na wengine hawakukumbuka kitu, lakini huzuni au furaha waliyoipata iliendelea kukaa nao. Ugonjwa huu huanza kwa kuharibu sehemu za ubongo zinazohifadhi mambo mapya. Mambo ya ujana hudumu zaidi, na hisia hudumu hata pale sababu yake inapopotea. Kwa hiyo anayemrudishia mama habari za kifo kila jioni anamfiwisha upya kila jioni, na hamwachii elimu yoyote ya kumsaidia kesho.

Wengine wanasema mjibu tu, "Yuko njiani, anakuja." Wana nia njema, na sitamhukumu mlezi aliyechoka akisema hivyo ili nyumba itulie. Mimi silitumii jibu hilo, kwa sababu mama atalichukua kama lilivyo. Atakwenda getini kumngojea, atasimama kwenye baridi na ukungu wetu wa jioni, na Baba hatatokea. Hofu itazidi.

Ninachofanya ni kujibu kile kilicho chini ya swali. Namwendea kwa mbele, siyo kwa nyuma, nakaa ili macho yetu yawe sawa, nasema: "Mama, ni mimi mwanao wa mwisho. Naona una wasiwasi na Baba." Anaitikia. Namwuliza, "Alipokuwa akitoka shamba la chini, alipenda kukuta umempikia nini?" Hapo uso hubadilika. Ananieleza mtori, ananieleza mahindi ya mwaka ule wa mvua nyingi, ananieleza walivyokuwa wakipeleka kahawa chama cha msingi cha ushirika na kungojea malipo. Sijasema yuko hai, wala sijasema amekufa. Tumemzungumza, na hicho ndicho alichokuwa akikihitaji. Baadaye nampa ungo wa maharage achambue. Mikono yake inaijua kazi hiyo vizuri kuliko yangu, na mikono ikipata kazi, moyo hutulia.

Njia hii sikuibuni mimi. Naomi Feil, mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliyekulia katika nyumba ya kutunzia wazee huko Cleveland, Marekani, ambako wazazi wake walikuwa watumishi, aliona kwamba kuwasahihisha wazee waliochanganyikiwa kuhusu tarehe, mahali na vifo kunawafanya wajifungie tu. Akafundisha walezi kuifuata hisia ya mzee badala ya kubishana na kauli yake. Nimekuta wabibi wa kijijini kwetu wanafanya hivyo hivyo bila kufundishwa na mtu.

Ndugu mmoja wa kanisani aliniuliza kama kukwepa hivyo si uongo mbele ya Mungu. Nimelifikiria sana hilo, kwa sababu kwetu amri ya kuwaheshimu baba na mama si ya kusoma tu. Naamini kumheshimu mama ni pamoja na kutomsababishia kilio asichoweza kukimaliza.

Niseme pia habari ya wageni, maana wanapenda kumtembelea na nawashukuru. Tafadhali acheni kumfanyia mtihani. "Bibi, unanikumbuka? Haya, mimi ni nani?" Wote wanamtazama, wanangojea, na yeye anajua kuwa alipaswa kujua. Jitajeni wenyewe: "Shikamoo bibi, mimi mtoto wa jirani yako wa kule mferejini." Sema jambo moja, halafu nyamaza umngoje. Jibu lake linaweza kuchukua muda mrefu kuliko ulivyozoea, na ukilikatiza inabidi aanze upya. Jioni Kiswahili humponyoka, anabaki na Kimachame, kwa hiyo binti anayetusaidia, ambaye ni wa kutoka Singida, amejifunza salamu na maneno ya chakula, maji na choo. Na nyimbo za kanisani anaziimba mpaka ubeti wa mwisho, hata siku ambayo jina langu halipati.

Msimwite amerogwa, wala msimwite mchawi akionekana usiku anatangatanga. Katika nchi yetu wapo vikongwe waliouawa kwa tuhuma za namna hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa hapa hapa Hai, ulikuta demensia kwa takriban watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi. Ni ugonjwa, na uko katika nyumba nyingi kuliko tunavyokiri. Lakini mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, msiseme ugonjwa wake umezidi mkakaa. Mpelekeni hospitali upesi. Inaweza kuwa malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji mwilini, au dawa mpya aliyopewa, na mengi ya hayo yanatibika.

Kuna hali mbili ambazo mimi husema ukweli wazi. Ya kwanza ni pale mama mwenyewe anaponikazia macho na kuuliza, "Baba yenu amekufa, eti?" Hapo nusu yake inajua, na kumkatalia ni kumwacha peke yake na jambo hilo. Namjibu ndiyo, alikufa, tulimzika vizuri na watu walikuwa wengi. Nakaa naye kwa kadiri anavyotaka.

Ya pili ni msiba mpya. Dada yake alipofariki, ukoo ulisema afichwe. Mimi nilimwambia mara moja, asubuhi akiwa na akili timamu zaidi, na tukampeleka mazikoni atupe udongo wake, kwa kuwa alikuwa dada yake kabla hajawa marehemu wetu. Baada ya pale, akimuulizia dada yake, tunarudi kwenye njia ile ile ya kumzungumza. Mkiwa na msiba kama huo, mtafutieni mzee kiti pembeni mbali na spika, awe na mtu mmoja anayemfahamu wa kukaa naye mwanzo hadi mwisho, na mrudisheni nyumbani mapema kabla jua halijashuka.