Shangazi, nimemfokea mgonjwa ninayemhudumia

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili. Ni mwezi wa nane sasa namhudumia bibi mjane wa kanisani kwetu aliyepooza. Namwogesha, namfulia, namlisha, na usiku nalala kwake. Wanawe watatu wana kazi zao, hupiga simu tu. Waumini wenzangu huniambia "Mungu akubariki", wakapita. Juzi usiku aliniita mara ya nne anataka maji, nikampokonya kikombe na kumfokea. Alilia. Tangu hapo nashindwa kusali. Nikiacha, nitakuwa nimemwacha Kristo?*

Marahaba mwanangu. Pole sana.

Tuanze na kikombe. Nenda leo, keti karibu naye, umwambie, "Bibi, nilikukosea, nisamehe." Usianze kumweleza ulivyochoka. Mtu aliyelala kitandani akifokewa hana pa kukimbilia, na anajua kesho atamhitaji yuleyule aliyemfokea. Mkishapatana utaweza kusali.

Sasa huo uchovu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila baada ya saa 2, mchana na usiku, asije akapata vidonda vya kulala. Hiyo ni mara 12 kwa siku. Hakuna mke wa mtu mwenye watoto wawili anayeiweza kazi hiyo peke yake kwa miezi minane, hata awe na imani ya kuhamisha milima.

Msome tena yule Msamaria katika Luka 10. Alimfunga majeruhi vidonda, akampandisha juu ya mnyama wake, akamuuguza. Kesho yake akatoa dinari 2, akamwambia mwenye nyumba ya wageni amtunze, akaahidi kurudi, akaenda zake. Huyo mwenye nyumba ya wageni hatumhubiri sana, nami huwa namfikiria. Bila yeye majeruhi angebaki na nani? Na katika Matendo 6, wajane waliposahauliwa katika huduma ya kila siku, mitume hawakumbebesha mtu mmoja mzigo wote. Walichaguliwa watu 7.

Wanawe hawajasamehewa wajibu huu. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba mjane mwenye watoto au wajukuu, hao ndio waanze. Wapigie simu bila ugomvi, ila uwe wazi: nani atamlipa mtu wa kulala na mama, nani atakuja mwisho wa wiki. Ukiwaambia tu "mama anateseka", watakujibu "tunaomba", na simu itakatika.

Kwa mchungaji nenda na karatasi yenye siku saba, mkae mpaka kila siku ipate majina mawili. Nasema mawili kwa sababu kumgeuza mtu mzima peke yako kunaumiza mgongo wako na ngozi yake. Atakayekuambia tena "Mungu akubariki", mwitikie amina kwa moyo mweupe, kisha umwulize Jumanne jioni ana nafasi.

Wewe baki na siku mbili. Siku zilizobaki ni za mumeo na wanao, ambao hukuandika neno juu yao zaidi ya idadi.

Ila kabla sura ngeni haijaingia mlangoni kwa bibi, mweleze wewe mwenyewe ni nani wanakuja na kwa nini. Wa kumwogesha amchague yeye.