Kwa nini makaa yenye kaboni nyingi yametoa gesi kidogo

Ndugu, umeuliza kwa nini sampuli ya makaa ya mawe yenye kaboni nyingi imetoa gesi ya methani kidogo kuliko ile yenye kaboni hafifu, ilhali vijidudu wanaoyala makaa ni walewale. Wala usishangae. Makaa ya mawe yaliyokomaa, yaani yenye kaboni nyingi, yana pete za kaboni zilizoshikamana mno, vijidudu hawapati pa kuanzia. Makaa machanga, kama ya bonde la Powder River kule Marekani, bado yana oksijeni na vikundi vya methoksili (vipande vidogo vya kaboni, hidrojeni na oksijeni). Mwaka 2016 watafiti wa Japani walionyesha kijidudu anayevigeuza kuwa methani moja kwa moja. Kabla ya kurudia jaribio, pima salfeti (chumvi yenye salfa na oksijeni) kwenye maji ya jaribio. Ikizidi, bakteria wanaoitumia huwanyang'anya chakula watengeneza methani. Na saga sampuli zote kwa kipimo kimoja, maana unga laini huliwa upesi.