Barua kwa mwanangu: kusubiri bei za likizo zishuke

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Kigoma. Huku sote wazima, na baba yako anamsalimu mkwe wake na wajukuu.

Nimeusoma ujumbe wako wote. Umeniuliza kama ni busara kusubiri: kazini posho zimekatwa, na wenzako wanakuambia kwamba uchumi ukiyumba watu huacha kusafiri, na watu wakiacha kusafiri bei za likizo hushuka zenyewe, kwa hiyo atakayevuta subira hadi Desemba atasafiri kwa nusu ya gharama. Tena hujaamua kati ya kuwapeleka watoto Zanzibar na kuwaleta nyumbani. Kwa kuwa nimeendesha nyumba hii ya wageni tangu ukiwa shule ya msingi, nitakujibu kama muuza vitanda, ingawa ujue mapema kwamba kwenye hilo la Zanzibar na nyumbani mimi nina upande wangu.

Wenzako wanasema kweli kiasi kuhusu watu, lakini kuhusu bei wamekosea. Zipo zinazoshuka na zipo zisizoshuka, na ile inayomeza fedha nyingi katika safari ya familia kutoka Dar es Salaam hadi huku ndiyo ngumu kuliko zote.

Inayoshuka ni ya kitanda. Dagaa wasionunuliwa leo hukaa kwenye gunia wakamngoja mnunuzi wa kesho, lakini usiku uliopita bila mgeni chumbani umekwenda moja kwa moja, huku mshahara wa mfanya usafi, umeme na leseni vikibaki palepale. Ndiyo maana mwenye chumba kitupu saa mbili za usiku hukubali bei ambayo asubuhi angeikataa. Mimi hali ngumu huiona kwenye daftari la wageni kabla sijaisikia redioni: mawakala wa kampuni waliozoea kulala siku tatu wanalala moja, waliokuwa wakichukua chumba chenye choo ndani wanaulizia vile vya choo cha pamoja, na wafanyabiashara wa mawese wanajitahidi kumaliza shughuli zao mchana ili wasilale kabisa.

Hata hivyo, bei niliyobandika ukutani siigusi. Ukiishusha leo, siku utakapoirudisha mgeni aliyeizoea atakuona mwizi. Anayelala siku nne ninamtoza tatu, au namwandalia chai na chapati bila kumdai, na karatasi ya ukutani inabaki ilivyo. Hoteli kubwa nazo hufanya vivyo hivyo kwa namna yao, kwa hiyo usiridhike na bei unayoiona kwenye simu. Piga, taja idadi ya siku na ya watu, kisha uulize watakupa nini.

Mbinu hiyo hutumika pia kinyume chake, kuongeza gharama bila kuigusa bei iliyotangazwa. Mwaka 2008, mafuta ghafi yalipofika karibu dola 147 kwa pipa mwezi Julai, shirika la ndege la American Airlines lilikuwa limeshaanza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza ambalo abiria alizoea kulisafirisha bure, na mashirika mengi ya Marekani yakafuata. Kabla mwaka haujaisha pipa lilikuwa limeporomoka chini ya dola 40, lakini ada ya begi haikuondolewa.

Sasa nauli, ambayo ndiyo kiini cha swali lako. Watu husema "uchumi mgumu" kana kwamba ni jambo moja, wakati kwa msafiri yapo mawili. Upo ugumu wa wateja kukosa fedha, kama ule wa mwaka 2009 baada ya benki za Marekani kuanguka, ambapo hata mafuta yalikuwa yameshuka. Na upo ugumu wa vitu kupanda, kama ule wa mwaka 2022, ambapo mfuko wa mtu umepungua na lita ya dizeli imepanda kwa wakati mmoja. Mafuta yetu huja kwa meli na hulipiwa kwa dola. EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, hutangaza bei kikomo, yaani ya juu kabisa inayoruhusiwa, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, huweka nauli kikomo za mabasi kwa kuangalia gharama hizo. Mwaka ule wa 2022 nauli zilipanda, na hata Serikali ilipoweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwenye mafuta hazikushuka. Aliyesubiri ugumu umshushie nauli mwaka ule alisubiri bure.

Ndege nayo usiitegemee. Shirika likiona viti vitupu kwenye njia ndefu isiyo na abiria wengi kama hii yetu, halishushi bei kwa muda mrefu. Hupunguza safari, likaziunganisha mbili kuwa moja, na viti vichache vinavyobaki vikawa ghali kwa mtu anayekata tiketi siku za mwisho. Kwa familia yenye watoto watatu, hapo mnaweza kumaliza fedha yote ya likizo kabla hamjaliona ziwa.

Kuna jambo lingine ambalo wenzako hawakulihesabu. Hali ikiwa mbaya, wengi hawaachi likizo kabisa, hubadilisha mahali. Yule aliyekuwa aende Dubai anakwenda Zanzibar, na yule wa Zanzibar anakumbuka kwamba ana mama yake Kigoma, Tabora au Kasulu, ambako atakula na kulala bila kulipa. (Sikusemi wewe.) Kwa hiyo mabasi ya Desemba ya kuja mikoani yanaweza kujaa zaidi katika mwaka mgumu kuliko katika mwaka mzuri. LATRA hutoa vibali vya muda kwa magari ya ziada mwisho wa mwaka, lakini kikomo cha kwenye karatasi na kile anachokutajia mpiga debe stendi, ukiwa na mabegi na mtoto mgongoni, havifanani kila mara.

Penye nafuu ya kweli ni pale palipomtegemea mgeni wa nje. Watalii waliokuja Tanzania walishuka kutoka takriban 770,000 mwaka 2008 hadi 714,000 mwaka 2009, na wakati wa korona wakashuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 621,000 mwaka 2020. Hapo ndipo hoteli zilizokuwa hazimtazami Mtanzania zilipoanza kutangaza bei za wazalendo. Mkitaka kufika Gombe, hifadhi ya sokwe iliyo karibu nasi, kiingilio hupangwa na Serikali, nacho hakifuati unyonge wa soko. Lakini raia hulipa kwa shilingi, tena kidogo sana ukilinganisha na mgeni. Kinachoweza kupungua ni malazi na boti ya kukodi kutoka Kibirizi, hasa mkichangia na familia nyingine.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba msije Desemba. Njooni likizo ya Juni, watoto wakiwa wamefunga shule, kiangazi kimeingia na njia za Gombe hazitelezi. Tiketi za treni zikatwe mapema, daraja la pili kulala. Ni safari ndefu, lakini watoto watanyoosha miguu, nanyi mtashuka hapa mkiwa na fedha mfukoni. Kitanda ndicho cha kusubiri na kupatania, nauli ndiyo ya kuwahi. Zanzibar ya Desemba haitawashushia kitu, kwa sababu wakati huo Wazungu wanakimbia baridi ya kwao. Kama mnaitaka sana, iulizeni bei ya masika, Aprili au Mei, ingawa mtapambana na mvua na kalenda ya shule.

Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi kama yule mdogo wa mkwe wangu atakuja pia. Mkiwa sita nitawafungia vyumba viwili vya upande wa ziwa na kumwita fundi aongeze kitanda kimoja, na hapo nitahitaji kujua mapema, kwa maana Juni nina wageni wa mafunzo ya walimu ambao hulipa kwa risiti.

Mimi mama yako,
Kigoma